Kuvuka Njia Ugenini

Kijana wa kwetu aendapo kukaa ng'ambo, wazee humwusia juu ya baridi, juu ya fedha, na juu ya marafiki wabaya. Ni nadra kusikia wakimwusia juu ya kuvuka njia. Nami naona ndilo neno la kwanza, kwani baridi humpa mtu nafasi ya kutafuta koti, bali motokaa haimpi nafasi.

Katika Kenya, Uganda na Tanzania magari hushika mkono wa kushoto, kama Uingereza. Marekani, Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya hushika mkono wa kuume. Wala si lazima kupanda meli ili kuyaona hayo: huko Rusumo, penye mto Kagera, dereva atokaye Tanzania na kuingia Rwanda hana budi kuhama upande.

Msidhani kuwa jambo hili huwapata washamba tu. Usiku wa tarehe 13 Desemba 1931, Winston Churchill, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, alikuwa New York akiitafuta nyumba ya rafiki yake. Akashuka katika teksi katikati ya njia iitwayo Fifth Avenue, ili amalizie kuvuka kwa miguu. Kwao Uingereza, mtu aliyekwisha kufika katikati hutazama kushoto, maana magari ya nusu iliyobaki hutokea huko. Naye akatazama kushoto, akaona taa za gari zi mbali, akaenda. Motokaa ikamjia kwa kuume, ikamwangusha, akaumia kichwani na mwilini, akalazwa hospitali siku kadhaa. Mwenyewe alikiri kuwa kosa lilikuwa lake.

Angalieni basi: hakuwa mgeni wa Marekani, alikwisha kufika huko tangu mwaka 1895. Akili yake ilijua sana desturi ya nchi ile. Shingo yake ndiyo haikujua.

Kwa hiyo siku ya kwanza ugenini si ya kuogopwa sana, kwa kuwa siku hiyo mtu hutembea kwa hadhari. Ya kuogopwa ni ile aliyochoka, au aliyokutana na mtu wa kwao wakawa wakizungumza habari za nyumbani. London wamelijua hilo, wakaandika chini penye vivuko vingi maneno ya kumwambia mwenye miguu atazame upande gani. Pasipo maandishi, tazama pande zote mbili, kisha urudie. Na ukiwa Amsterdam, tazama hata njia ya baiskeli, maana baiskeli haina mngurumo.

Tena liko jambo moja husahauliwa. Aliyekaa huko miaka mingi, arudipo Mombasa au Dar es Salaam, shingo yake imekwisha kuwa ya kigeni. Siku hizo za kwanza na asione haya kumfuata nyuma mdogo wake avukapo njia.