Presha Si Ugonjwa wa Wazungu



Mliomba tuzungumze juu ya presha. Tutaanza mbali kidogo, maana ugonjwa huu una historia, na kipande chake kimoja ni cha hapa hapa Kenya.

Mwaka wa 1929 daktari mmoja aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakupata hata mmoja mwenye presha ya juu. Basi ikasemwa presha ni ya wazungu na matajiri. Maneno hayo hata leo tunayasikia barazani.

Baadaye watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka mashambani kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yakachapishwa mwaka wa 1990. Waliohamia mjini presha yao ilikuwa juu zaidi, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi. Kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha, pamoja na kile kilichomo ndani ya sahani. Na siku hizi, jamani, chumvi ya mjini imeshafika kijijini.

Madaktari wa moyo wa Afrika nao hawakukaa kimya. Mwaka wa 1981 walianzisha chama chao cha bara zima, kinachojulikana kama PASCAR. Mtauliza, chama cha madaktari kinatuhusu nini sisi wa kuku na akiba? Subirini. Mwaka wa 2017 chama hicho kilitoa mpango wa hatua 10 juu ya presha. Mwandishi wake wa kwanza ni Dk. Anastase Dzudie wa Cameroon, na Profesa Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa waandishi. Shabaha yao: kufikia mwaka wa 2025, watu 25 katika kila 100 wenye presha Afrika wawe wameidhibiti.

Watu 25 tu? Sisi pia tuliona ni wachache, mpaka tulipotazama hesabu za Kenya. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Kati ya wenye presha 100, kama 16 tu ndio waliojua wanayo. Wengine walikuwa wakilima na kucheka kama kawaida, kwa kuwa presha haiumi, mpaka siku mtu anapooza upande mmoja.

Ndiyo sababu mpango ule ulisema kazi isiachiwe daktari peke yake. Wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe, na dawa ziwe za bei nafuu. Hilo la dawa bado tutalipigia kelele, maana kumwandikia mama dawa ambayo dispensari haina ni kumchosha miguu tu.

Ukipimwa, kaa kwanza dakika tano. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kuogopa. Na ukishapewa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa unaimeza.

Mashine iko pale mezani. Akina mama wameshapanga foleni. Wazee, mbona mmebaki chini ya mwembe?