Barabara Yetu, Toka Kisangani Hata Beni



Wengi wenu mmefika kwenye yubile hii kwa barabara. Imefaa tuwasimulie habari zake, kwani parokia hii imeishi kando yake.

Barabara ya Taifa namba 4 yatoka Kisangani na kuingia katika msitu mkubwa. Yavuka mto Lindi huko Bafwasende, yafika Nia-Nia penye njia panda ya Wamba, kisha yapita Epulu, inchi ya okapi, na Mambasa. Huko Komanda mkono mmoja waenda Bunia. Yenyewe yaelekea kusini hata Beni, na mwisho Kasindi, mpakani mwa Uganda. Toka Kisangani hata Beni ni zaidi ya kilometa 700.

Zamani za Wabelgiji, wazee wetu walilazimishwa kuacha vijiji vyao vya msituni na kujenga kando ya barabara, wapate kuhesabiwa, kulipa kodi na kuitengeneza. Hawakuulizwa. Jasho lao limo katika udongo huu.

Baadaye kila kantonye alikuwa na sehemu yake: kufyeka majani, kuziba mashimo, kufungua mifereji. Maana adui wa kwanza wa barabara ya udongo ni maji yaliyokosa njia. Ndiyo sababu, mvua ikinyesha, malori husimamishwa penye kizuizi mpaka udongo ukauke. Mishahara ilipokosekana, mifereji ilizibika, malori yakazama. Wakati wa vita, toka 1998 hata 2003, sehemu nyingi zilibaki kijia tu. Vijana walisukuma baiskeli siku nyingi ili kutuletea chumvi na sabuni.

Baada ya vita serikali iliifungua tena kwa msaada wa Benki ya Dunia, nasi tukashangilia. Lakini mwaka 2021 msafara wa magari, hata ukiwa na askari wa kuulinda, ulishambuliwa kati ya Komanda na Beni. Ndugu, kuleta usalama ni wajibu wa wakubwa, nasi hatutaacha kuwaomba. Mfereji ulio mbele ya nyumba yetu ni kazi ya jembe letu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee waliitengeneza kwa kulazimishwa. Sisi tuitunze kwa hiari, kila kijiji sehemu yake, kabla ya mvua, ili mgonjwa afike hospitali na mazao yafike soko.