Kengele Inayonyamaza

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza huishi kwa sindano ya insulini. Dawa hiyo, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, ndiyo inayomweka hai. Lakini ikizidi chakula alichokula, au ikikutana na kazi nzito, huishusha sukari ya damu kupita kiasi. Inapopungua chini ya miligramu 70 kwa desilita, mwili kwa kawaida hupiga kengele: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula. Mgonjwa akila kitu kitamu upesi, hatari hupita.

Balaa huanza kengele hiyo inaponyamaza. Mtu anayeshukiwa na sukari mara kwa mara huzoea. Adrenalini haitoki tena mapema, naye huchanganyikiwa, pengine huzimia, kabla hajajua lolote.

Mwaka 1994 Ann Gold na wenzake wa Edinburgh waliona kwamba swali moja laweza kumfichua mgonjwa wa namna hiyo: je, hutambua sukari inapoanza kushuka? Hujibiwa kwa namba, kuanzia 1, anayetambua daima, hadi 7, asiyetambua kamwe. Anayefikia 4 huhesabiwa kuwa utambuzi wake umepungua. Mwaka uliofuata William Clarke na wenzake wa Marekani walitoa maswali 8, likiwamo la sukari hufika kiwango gani kabla ya dalili kuonekana. Vipimo hivi havihitaji umeme wala betri.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mwambao wa Kismayo na visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai na Chula. Mvuvi apigaye mbizi kutafuta kamba wa miambani huchoka na moyo humwenda mbio hata akiwa mzima, hivyo dalili za sukari hujificha ndani ya dalili za kazi. Akizimia, yumo majini. Aidha, swali lazima liulizwe kwa Kibajuni au Kisomali kinachoeleweka, na waulizwe pia mke na nahodha, kwani aliyepotewa na fahamu hawezi kuhesabu mara alizopotewa. Katika Ramadhani mwenye upungufu huu huhesabiwa miongoni mwa walio hatarini zaidi, na waganga humshauri asifunge.

Uchunguzi uliofanywa Dagahaley, kambi ya wakimbizi huko Dadaab nchini Kenya, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini hudumu wiki 4 katika joto la nyuzi 25 hadi 37. Basi ukosefu wa jokofu si kisingizio tena cha kumnyima mtu wa visiwani dawa. Lakini apewaye dawa bila kuulizwa hilo swali moja ameachwa nusu ya safari. Wagonjwa wengi hurudiwa na utambuzi wakiepushwa na mishuko kwa wiki kadhaa, na kuepushwa huko kunataka kupima damu mara nyingi. Pale vijiti vya kupimia vilipo vichache, mwenye namba 5 ndiye wa kupewa kwanza, na nahodha wake aelezwe sukari imewekwa wapi ndani ya mashua.