Simu, Msiba na Lango la Hekalu

 

Tumeombwa tuseme machache juu ya simu za mkononi na maisha ya jamii. Hatukuja kuilaani simu. Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta za maduka hapa Tanga twakumbuka ilivyokuwa kuagiza mzigo Dar es Salaam: kuomba laini kwa opereta asubuhi na kuzungumza, bahati ikiwapo, alasiri. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mteja wa Pangani aweza kulipa kabla mzigo wake haujapanda gari. Na mwaka 2020, wakati wa korona, wajukuu zetu walioko Leicester waliifuata arati ya hapa kwa simu. Neema hiyo hatuikani.

Tunalotaka kulinena ni la misiba.

Zamani, mmoja wetu alipofariki, habari haikuwa na njia ila miguu. Kijana alitumwa duka kwa duka, na kila aliyepashwa habari alifunga mlango, hata kama mteja yumo ndani na sukari yake ingali kwenye mizani. Mlango uliofungwa ndio uliokuwa tanzia. Hamali wa mkokoteni aliuliza, "Kwa Mhindi kuna nini leo?" Fundi cherehani wa barazani akamjibu, na kabla maiti haijatolewa nyumbani barabara ilikuwa imejaa watu kutoka Ngamiani. Akina mama wa Kiislamu walikuja na kanga zao, wakaketi mkekani pamoja na mama zetu waliovaa sari nyeupe. Hakuna aliyealikwa, na asiyejua Kigujarati alijua kulia.

Siku hizi tanzia hutumwa katika kundi la WhatsApp, kwa Kigujarati na Kiingereza. Punde tu huja vijipicha vya mikono iliyounganishwa, kutoka London hata Toronto. Jirani tunayepakana naye ukuta hana habari, kwa kuwa hamo kundini. Nasi, kama walivyo Waislamu katika kuzika, hatukawii: mara nyingi maiti huchomwa siku ileile au ya pili yake. Asikiaye baadaye amekwisha kukosa kumsindikiza.

Alipofariki bibi mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa akigawa sahani za vitamu vya Diwali nyumba kwa nyumba, muuza nazi wa upande wa pili wa barabara alifika siku ya tatu, akauliza, "Tumewakosea nini hata mkatuficha?" Wafiwa hawakumficha. Habari ilikuwa imefika Leicester, lakini haikuvuka barabara.

Vijana wetu hutuambia kwamba rambirambi zao hutumwa kwa simu, na kwamba zafika upesi kuliko wao wenyewe. Ni kweli, na fedha hizo hununua kuni na samli; hatuzidharau. Lakini kwenye besnu, kikao chetu cha kuwafariji wafiwa, twaona wazee watupu, nao magoti yao hayawaruhusu tena kuketi chini.

Kwa hiyo twaiomba Kamati jambo moja: ubao wa matangazo urudishwe langoni, upande wa barabarani, na tanzia iandikwe kwa Kiswahili saa ileile inapotumwa kundini. Wapo wajumbe wanaohofu kwamba wezi watajua nyumba ipi imebaki tupu. Hoja hiyo ina uzito. Ila tukumbuke kwamba wakati sisi tuko kwenye uchomaji, wa kutuangalizia nyumba ni jirani yuleyule tusiyempa habari.

Ubao wenyewe haujaoza. Umo stoo, nyuma ya masufuria ya karamu. Rangi na chaki tutatoa sisi wenye maduka, na kijana wa kuandika kwa hati nzuri tunaye.