Mgeni Siku Mbili: Safari za Utamaduni na Wenyeji Wanaoitumikia Amani



Nimeombwa nizungumzie safari za utamaduni za nje ya nchi. Nitaanza na mwenyeji, maana katika mipango yetu mingi ndiye anayefikiriwa mwisho. Tiketi, viza, bima, sare za kikundi na vinyago vya zawadi vikishakamilika, ndipo mtu anauliza: hivi tutafikia kwa nani? Matokeo yake tunaijua hoteli, tunayajua maduka, na mtu wa pale hatumjui.

Wako waliolifikiria jambo hili mapema. Mwaka 1949, miaka minne tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Bob Luitweiler, aliyekataa kushika silaha katika vita hiyo, alikuwa Denmark katika chuo cha wananchi cha Askov. Yeye na vijana wenzake walianzisha mtandao wa nyumba zilizo tayari kumpokea msafiri bila malipo, wakiamini kuwa watu waliokula meza moja ni vigumu kuchochewa wauane. Tangu 1952 mtandao huo unaitwa Servas, na leo una wenyeji katika nchi zaidi ya mia moja.

Utaratibu wa Servas una masharti. Msafiri huhojiwa kwao kabla ya kupewa barua ya utambulisho. Humwandikia mwenyeji mapema, na mwenyeji ana haki ya kukataa. Kwa kawaida msafiri hulala siku mbili, na hakuna anayemlipa mwenzake. Katika wazo la mwanzo la Luitweiler, mgeni alitakiwa pia afanye kazi na wenyeji wake na ajifunze kwao. Wahenga wetu walikwisha kusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tofauti ni kwamba wenzetu waliyaandika masharti yao, wakayasimamia. Sisi tumebaki kuuimba ukarimu kwenye mabango ya utalii.

Hata hivyo, kupewa kitanda na chakula hakutoshi. Mwenyeji wa amani ninayemzungumzia hapa ni yule anayekuonyesha kidonda cha mji wake, kisha akakupeleka kwa jirani anayekisimulia kidonda hicho kwa namna nyingine.

Tuchukue Belfast, Ireland ya Kaskazini. Machafuko ya huko yaliua watu zaidi ya 3,500 kabla ya makubaliano ya amani ya tarehe 10 Aprili 1998. Mpaka leo kuta zilizoanza kujengwa mwaka 1969 bado zinatenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, na baadhi ya mageti yake hufungwa usiku. Serikali ya huko iliahidi mwaka 2013 kwamba kuta zote zingekuwa zimeondolewa ifikapo 2023. Hazikuondoka.

Ziko ziara za miguu zinazoongozwa na waliokuwa wafungwa wa pande zote mbili. Mgeni huanzia mtaa wa Falls, upande wa Wakatoliki, ambako mwongozaji humsimamisha mbele ya picha kubwa ya Bobby Sands, aliyefariki gerezani mwaka 1981 baada ya kugoma kula kwa siku 66. Anaeleza kwa nini vijana wa mtaa wake walichukua bunduki, naye alikuwa mmoja wao. Wakifika ukutani, anasimama. Wa upande wa pili yupo anasubiri. Wanapeana mikono, wa kwanza anarudi alikotoka, na kundi linaendelea na mwenyeji mpya hadi Shankill. Huko mgeni anasikia habari za duka la samaki lililolipuliwa Oktoba 1993 Jumamosi mchana, watu kumi wakafa, mmoja wao akiwa mlipuaji mwenyewe.

Hakuna kati ya wawili hao anayedai kuwa wamekubaliana. Kila mmoja anaisimulia historia yake kwa ukali wake, na mgeni anabaki na simulizi mbili zisizooana. Kwa maoni yangu hiyo ni elimu bora ya amani kuliko hotuba kumi za umoja. Wapo wakazi wanaolalamika, tena kwa haki, kwamba misiba yao imegeuzwa maonyesho: watu wanashuka kwenye teksi, wanaandika majina yao ukutani kwa kalamu ya wino mzito, wanapiga picha, wanaondoka. Ndiyo maana nasisitiza mwenyeji. Ukuta hauwezi kumuuliza mgeni swali.

Hiroshima nako wameona kwamba kazi hii ya mwenyeji inahitaji maandalizi. Mwaka 1965 Mmarekani Barbara Reynolds alianzisha huko kituo cha urafiki ambako mgeni anaweza kulala na kukutana na manusura wa bomu la atomiki la 1945. Manusura hao sasa umri wao wa wastani umepita miaka 85. Kwa hiyo tangu 2012 jiji linawafundisha watu wengine kuupokea ushuhuda wao, mafunzo ya miaka kadhaa, ili msimuliaji asije akapungua wageni wakiwa bado wanakuja.

Sasa tujitazame sisi Watanzania. Tunalalamikia viza, na tunayo sababu: kijana wa Ulaya anaingia kwetu kwa kulipia mtandaoni, wa kwetu anapeleka taarifa za benki za miezi kadhaa na huenda akanyimwa. Lakini kuwa mwenyeji hakuhitaji viza. Wageni wanapita Arusha kwenda Serengeti, na wengi hawaambiwi kwamba katika mji huo ulitiwa saini mkataba wa amani ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000, uliotokana na mazungumzo yaliyoanzishwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Mandela. Kigoma ziko familia zilizowapokea Warundi na Wakongo miaka nenda rudi, wakagawana nao visima na mashamba, wakagombana nao pia. Hao wana la kumwambia mgeni yeyote, kama tutawauliza kwanza kama wako tayari.

Ombi langu kwa waandaaji, hasa wa ngoma, vyuo na safari za urafiki wa makanisa, ni moja. Kabla ya kuwaombea watu wetu viza, kila kikundi kilete orodha ya nyumba zake zilizo tayari kupokea mgeni kwa siku mbili bila malipo, hata zikiwa tatu tu, pamoja na jina la mtu atakayezungumza na mgeni huyo kuhusu ugomvi wa mahali hapo na namna ulivyomalizwa, au ulivyoshindikana kumalizwa. Kikundi kisicho na orodha hiyo kisubiri.