Kidonda Kilichofunga na Ugonjwa Uliobaki: Vidonda vya Sehemu za Siri kwa Wanaume



Nimeomba kuzungumzia jambo ambalo wanaume wengi hawalitamki hata mbele ya daktari mpaka mlango ufungwe: kidonda kinachotokea kwenye uume, kwenye korodani au kinenani. Nitayaita mambo kwa majina yake. Aibu ndiyo inayomchelewesha mgonjwa, na wanaoumia kwa kuchelewa kwake mara nyingi ni watu ambao hawajui hata kwamba anaumwa.

Nianze na kaswende. Mtu akiambukizwa, kidonda hutokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi katika wiki ya tatu. Kwa kawaida huwa kimoja, kisafi, kigumu ukikishika, na hakiumi. Mwenyewe hukiosha kwa maji ya chumvi, au hupasua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu, kisha husubiri. Mwingine huambiwa ni tego, akaenda kwa mganga. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hufunga. Kingefunga vilevile hata asingetia kitu. Lakini sifa huchukuliwa na unga, au na mganga, na rafiki akija na shida kama ile huelekezwa kwenye dawa hiyohiyo.

Wakati huo bakteria wa kaswende, waliotambuliwa Berlin mwaka 1905 na Schaudinn na Hoffmann, wamekwisha kuenea katika damu. Wiki kadhaa baadaye huweza kutokea vipele mwilini, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea vyenyewe. Kisha hufuata kimya cha miaka, na ndani ya kimya hicho baadhi ya wagonjwa huharibiwa mshipa mkuu wa moyo, ubongo au macho. Mke akiwa mjamzito, mimba huweza kutoka au mtoto akazaliwa mfu, kwa ugonjwa ambao baba anaukumbuka kama kidonda kidogo kilichopona. Ushahidi wa madhara ya kaswende isiyotibiwa tunao, na sehemu yake ilipatikana kwa ukatili: kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende huku ikiwadanganya kuwa wanatibiwa, ilhali penisilini ilijulikana kuwa dawa tangu miaka ya 1940. Kila ninapofundisha somo hili huwataja watu wale, kwa sababu taaluma yetu ina deni kwao.

Dawa yenyewe ni ileile. Benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, hudungwa matakoni. Kaswende changa hutosheka na dozi moja, na iliyokaa muda mrefu, au isiyojulikana ilianza lini, huhitaji dozi tatu kwa wiki tatu mfululizo. Mwenye mzio wa penisilini hupewa doksisaiklini, kwa siku 14 ikiwa kaswende ni changa. Hadi leo bakteria hawa hawajawa sugu kwa penisilini, bahati ambayo hatuna kwa kisonono. Ila mgonjwa aelezwe mapema: ndani ya saa 24 anaweza kupata homa, kutetemeka na kuumwa kichwa, kwa kuwa bakteria wanakufa kwa mkupuo. Asiyeelezwa hudhani amechomwa dawa mbaya, na sindano ya pili haifuati.

Kidonda kinachouma kina habari nyingine. Pangusa huleta kidonda laini chenye kingo zilizochanika, kinachovuja damu kikiguswa, na mitoki huvimba mpaka ikapasuka. Jijini Nairobi katika miaka ya 1980 pangusa ilikuwa ndiyo chanzo kikuu cha vidonda hivi. Sasa ni nadra, na nafasi yake imechukuliwa na malengelenge ya sehemu za siri, yanayoletwa na virusi vya hepesi: vilengelenge vingi vidogo, vinapasuka, vinauma, vinapona, kisha vinarudi. Asaiklovia hufupisha siku za maumivu na kupunguza kurudi kwake, lakini haiviondoi virusi mwilini. Anayemuuzia kijana dawa ya kuyamaliza kabisa anamla fedha zake.

Kidonda chochote kati ya hivi hurahisisha kuambukizwa na kuambukiza VVU. Hilo lilituongoza Mwanza, ambako kati ya 1991 na 1994 jamii 12 zililinganishwa: katika nusu yake watumishi wa zahanati walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa na dawa zikahakikishwa kuwapo. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Majaribio ya baadaye ya Rakai na Masaka, Uganda, hayakupata matokeo kama hayo, huenda kwa sababu VVU vilikuwa vimekwisha kuenea sana na malengelenge yalikuwa mengi zaidi. Hata hivyo somo la Mwanza limebaki katika miongozo yetu: mwenye kidonda atibiwe siku ileile aliyofika, kwa kaswende na malengelenge kwa pamoja, bila kumwambia arudi wiki ijayo kuchukua majibu. Na kipimo cha haraka cha kaswende kikisema hana, tusimruhusu aondoke akiamini hivyo, maana katika wiki za mwanzo za kidonda kipimo hicho huweza kushindwa kuuona ugonjwa.

Si kila kidonda ni cha zinaa, na kwa hili ndoa zimevunjika bure. Dawa zenye salfa, Septrin ikiwa mojawapo, huweza kumletea mtu doa jeusi linalochubuka kwenye kichwa cha uume, na kila akimeza tena, hurudi palepale. Mwenye kisukari huweza kupata fangasi chini ya govi. Upele nao hupenda korodani. Tangu Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura ya mpox, ugonjwa uliokuwa ukisambaa kutoka Kamituga huko Kivu Kusini, kwa sehemu kubwa kwa njia ya kujamiiana, daktari wa Afrika Mashariki anayeona vipele vyenye usaha kwenye uume hana budi kuufikiria nao. Kidonda kisichofunga kwa wiki nyingi licha ya tiba kikatwe kinyama kipelekwe maabara, kwani huenda ni saratani. Ikigunduliwa mapema, daktari wa upasuaji huondoa sehemu ndogo tu ya uume.

Linabaki suala la mwenza, nalo ndilo tunalolifanya vibaya zaidi. Mwanamume hutibiwa leo, hunyamaza nyumbani, na baada ya mwezi anarudi na kidonda kipya. Kwa kaswende, kila aliyelala naye ndani ya siku 90 zilizopita anastahili sindano hata kama hana dalili. Kumtuma mgonjwa na maneno matupu hakutoshi. Wengi hawana ujasiri wa kuyasema. Nawaomba waganga wafawidhi mliomo humu mfanye mambo matatu: kadi ya mwito isiyoandikwa jina la ugonjwa, saa za jioni ambazo mtu anaweza kuja bila kuomba ruhusa kazini, na chumba ambacho juu ya mlango wake hakuna kibao kinachomtangaza anayeingia. Na sindano ya mwenza itengwe siku ileile anapotibiwa mume, isije ikawa mke anaitikia mwito na kuambiwa dawa imekwisha.