Pesa ikute akina mama wamejipanga

Hotuba kwa familia zilizohamishwa na viongozi wa Uvira na ukingo wa Ziwa Tanganyika



Tumeombwa kusema juu ya pesa za wafadhili na vikundi vya akina mama wanaojitolea kupanga mitaa yetu. Jambo hili linatugusa sisi sote tuliohama, kwa sababu siku ya kujenga upya swali litakuwa: nani alichora ramani, na je, kiwanja changu kimo?

Tukumbuke usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka, mitambo ya maji ikaharibika. Ziwa nalo likapanda, na mwaka 2024 likaingia tena katika nyumba za ukingoni. Mwezi wa Februari 2025, na tena Desemba 2025, vita viliwavusha makumi ya maelfu ya watu kwenda Burundi. Katika taabu hizo zote, akina mama ndio waliojua bomba gani linatoa maji, mtaro gani umeziba, njia gani inapitika usiku, na mjane gani anaishi peke yake. Katika mji uliosumbuliwa na kipindupindu kwa miaka mingi, maarifa hayo yanaokoa maisha. Na hayo ndiyo mwanzo wa kupanga mji.

Wenzetu wametutangulia. Nairobi, Muungano wa Wanavijiji ulianza mwaka 1996 kwa kupinga ubomoaji wa nyumba. Vikundi vyao vya akiba vimejaa wanawake. Walihesabu wenyewe nyumba, vyoo na mabomba ya Mukuru, na mwaka 2017 serikali ya kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, lenye familia zaidi ya 100,000. Dar es Salaam, watu wa Kurasini walioondolewa kwa ajili ya upanuzi wa bandari waliunganisha akiba zao wakapata ekari 30 huko Chamazi. Msaada wa nje ulikuja pia, lakini ulikuta akiba, hesabu na watu wenye sauti moja.

Kwa hiyo, kikundi kinachotafuta msaada kitazame mambo manne.

Kwanza, karatasi. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia mashirika yasiyo ya faida. Bila statuti na kibali, wafadhili wengi hawawezi kutuma hata franka moja. Msaada wa kwanza, hata ukiwa mdogo, ulipie safari hizo za ofisini, daftari la hesabu na mafunzo ya mweka hazina, kabla ya fulana na mabango. Na akina mama mjue: Kanuni ya Familia ilipobadilishwa mwaka 2016, sharti la zamani la mke kupata ruhusa ya mume liliondolewa.

Pili, posho. Mmoja akilipwa na ishirini wakaendelea bure bila maelezo, kujitolea kunakufa. Amueni katika mkutano mkuu, kabla pesa haijafika: nauli na chakula ni kwa kila aliyefanya kazi siku hiyo, mshahara ni kwa kazi isiyowezekana kwa saa za kujitolea, na kiasi chake kisomwe mbele ya wote.

Tatu, haraka. Mradi una miezi sita au kumi na miwili, lakini mtaa unapangwa kwa miaka. Kikundi kilichozoea kutunza dolari mia mbili kisiombe elfu hamsini. Kiombe kidogo, kitoe ripoti, kisha kiombe awamu ya pili. Kukataa pesa inayozidi nguvu zenu si aibu.

Nne, na hili ndilo zito kwetu, amani. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na familia nyingi zina karatasi ya shefu tu, au iliungua, au ilichukuliwa na maji. Orodha ya viwanja mikononi mwa mtu mbaya inaweza kuwa silaha. Kwa hiyo kamati iwe na akina mama wa jamii zote: Bavira, Bafuliiru, Barundi, Babembe, Banyamulenge na wengine. Waanze kuchora vitu vya wote, yaani mitaro, mabomba, vyoo, njia na sehemu zinazofurika. Majina ya watu yasitolewe ovyo. Na kiwanja cha aliyekimbia kiandikwe «mwenyewe hayupo», kisiandikwe kamwe «wazi». Maneno hayo mawili yanaweza kuzuia ugomvi wa miaka kumi.

Waheshimiwa viongozi, tunawaomba mwape akina mama hawa kiti katika kila kikao cha makazi na ujenzi, msome ramani yao kabla ya kutia sahihi mradi wowote, na msidai fungu katika msaada wao. Nanyi familia zilizohamishwa, wakija kuwauliza mlikoishi, waelezeni: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mti, bomba, barabara. Kumbukumbu zenu ni ushahidi, na zinapotea tusipoziandika sasa.